Kurudisha Saa

Jumapili ya kwanza ya Novemba, saa nane za usiku,
Ilda Barros anafungua mnara kwa ufunguo wa manispaa,
na mimi nashika ngazi.

Mji una vijiji vitano, kila kijiji na madukani pake,
kila madukani na saa yake,
kila saa na kisirani chake.
Kabla hakujakucha, nane iwe imekuwa saba.
"Hairudi nyuma hii," anasema, "meno yatakatika.
Ukitaka saa moja ya jana
tembea kumi na moja za mbele."

Basi tunatembea.
Nyundo ya kengele ameivika soksi ya sufu
tusije tukaamsha watu.
Watu gani? Walifunga maji Septemba,
viti wakavitandikia shuka nyeupe, wakaenda.
Dirishani kuna sweta moja ya bluu,
bei yake imeandikwa kwa tarakimu ndogo,
kama ugonjwa wa ukoo.

Kijiji cha pili, kwa dalali:
picha za nyumba zinawaka taa usiku kucha,
nyumba zenyewe giza.

Cha tatu tunanusa kabla ya kukiona.
Adilson, wa Minas, anaoka tangu saa sita.
Anatupa mikate ya jibini, midogo, inaunguza viganja.
"Hii saa mnayoirudia," anauliza, "nitaifanya kazi mara mbili.
Daftari la bosi lina saba moja tu.
Ya pili analipa nani?"
Ilda anacheka hadi anakohoa.
Kisha hacheki.

Holm Point, saa imesimama.
Saa nne na robo, ya siku gani hatujui;
ndani, unyoya wa shakwe umekwama penye gurudumu.
Majira yote ya joto wamepita chini yake
na aiskrimu, na mbwa waliochanwa,
hakuna aliyepiga simu.
Ilda anaketi kwenye ngazi.
Baba yake aliitia mafuta hii miaka thelathini,
kila Ijumaa, kofia mkononi.
"Hawaihitaji," anasema. Anautoa unyoya,
anaufuta, anautia mfukoni,
na anaitengeneza vilevile.

Cha tano kunapambazuka. Ukungu, milingoti mitupu.
Mzee mmoja mwenye koti la mvua, Bwana Pruitt,
anatupungia: "Mmeturudishia saa yetu! Asanteni!
Ninyi mnakaa kijiji kipi?"
Ilda anaonyesha kwa spana: ng'ambo ya daraja,
halafu mbele, halafu mbele tena.
"Ah," anasema Bwana Pruitt. Anamtazama mbwa wake.

Kurudi nyumbani ni saa nzima, bila foleni.
Ile ile tuliyoigawa.

Kwenye dashibodi ya gari namba za kijani
bado zinahesabu za kiangazi.
Nanyoosha kidole nirekebishe.
"Iache," anasema Ilda, macho barabarani,
makombo ya mkate kidevuni.
"Machi itakuwa sahihi yenyewe."