Ngeli ya Roboti

Umeme umekatika Majengo tangu saa mbili.
Nasahihisha insha za Kidato cha Pili kwa tochi ya simu,
daftari la ishirini na sita kati ya arobaini na tatu,
na chai imeshaota utando.

Hii ni ya Eliaichi, yule wa dawati la dirishani
asiyenyoosha mkono hata akijua jibu.
Kichwa cha insha: "Roboti wa Bibi."
Nikakata papo hapo. Roboti *ya* Bibi.

Anasema watoto wa bibi, walioko Dar na Mwanza na Ulaya,
walichanga fedha, wakanunua roboti, wakaituma Uru
pamoja na karatasi ya maelezo na betri ya akiba.
"Roboti alikata majani ya ng'ombe."
Nikakata. *Ilikata.*
"Jioni alichemsha maji ya bibi ya kuoga,
akayapima kwa kidole chake cha bati."
Nikakata, nikakata.
Pembeni nikaandika, kwa ule mwandiko wangu wa ukali:
Roboti si kiumbe hai. Ngeli ya I-ZI.
(Au LI-YA. Mwalimu Temba atanibishia kesho ofisini.)

Kila usiku bibi alimsimulia habari ileile:
ndama aliyetumbukia mfongoni mwaka wa mvua kubwa,
na jinsi alivyomvuta kwa kanga aliyojifunga.
Wajukuu, wakija Desemba, humkatiza:
Bibi, hiyo ulishatuambia.
Roboti aliuliza kila mara, "Ndama akapona?"

Hapo nilisahau kukata.

Bibi anafariki Novemba, kahawa bado iko kwenye vichanja.
Magari yanapanda mapema mwaka huo. Watu wanazika, wanakula,
wanagombania nani alale chumba kipi.
Giza likiingia, mtu anakwenda nyuma ya jiko kutafuta kuni
na kukuta ndoo inafuka mvuke, na kidole ndani yake.
"Roboti alijua kuwa bibi amekufa," ameandika Eliaichi.
"Ila hakujua ayapeleke wapi maji."

Nimefundisha ngeli miaka kumi na tisa.
Najua mbu amepewa A, na chawa, na kupe,
na shetani, ambaye hapa mtaani hakuna aliyemwona, naye tumempa.
Najua pia kwamba mlinzi wetu, Mzee Kirita,
alipochelewa kunifungulia geti mvua ikinipiga,
nilisema: Lizee hili limelala.
Sentensi sanifu. Upatanisho kamili.
Hakuna mwalimu ambaye angeikata.

Na baba.
Saa kumi na moja alfajiri alikuwa wodini,
amekataa uji, ameuliza kama mbuzi amezaa.
Saa mbili wakapiga simu: Mwili uko tayari.
Sauti ya upole kabisa, ya mtu aliyelelewa vizuri.
Saa tatu tu, baba yangu amehama ngeli,
na mimi, mwalimu wa lugha, nikajibu:
Asante. Tunakuja kuuchukua.

Sikufuta kitu. Wino mwekundu haufutiki.
Nilisoma tu mistari iliyobaki, roboti akiwa amekaa,
roboti akiwa amengoja, maji yakiwa yamepoa,
nikampa kumi na tisa kwa ishirini.
Moja nilimnyima kwa kuunganisha "kwasababu".

Asubuhi nilimwamkia Mzee Kirita getini.
Akageuka kutazama nani yuko nyuma yake.

Saa nne Eliaichi akaja ofisini, daftari kifuani.
Mwalimu, huku mwanzo umenikata kila mstari,
huku mwisho hujanikata hata mmoja.
Nifuate wapi?

Wino uliisha, nikamwambia.

Kalamu, mfukoni mwangu, alinyamaza.