Kati ya Moja na Mbili

Miaka thelathini na moja, kiwandani Kemi,
nilipima karatasi: uzito, unene, unyevu.
Ilipita mashineni kama mto mweupe,
nami nilikata kipande cha ukubwa wa kiganja,
nikakiweka kwenye mizani, nikaandika
hadi desimali ya pili.

Leo karatasi inanipima mimi.

Maswali ishirini. Usingizi. Hamu ya kula. Kujilaumu.
Chagua: sufuri, moja, mbili, tatu.
"Katika wiki mbili zilizopita," inasema,
kana kwamba wiki mbili ni chumba
ambacho mtu husimama mlangoni akakiona chote.

Mara ya kwanza nilidanganya.
Sufuri, sufuri, sufuri, kama mayai kwenye trei.
Niliogopa watanipokonya leseni,
na huku, Januari, asiye na gari
ni mfungwa wa theluji.
Tuulikki hakubishana. Aliifunika fomu, akauliza:
"Jana, kabla mwili haujawa mzito,
nini kilikupitia kichwani?"

Simu haikuita.
Jarkko, mwanangu, yuko Turku,
hupiga Jumapili saa kumi na mbili jioni.
Kufika saa moja kasorobo nilikuwa nimeshahukumu:
amenichoka. Mimi ni mzigo. Ndivyo ilivyo.

Akachora safu tatu,
na juu ya ile ya mwisho akaandika: Ushahidi.
Nikacheka. Sikuwa nimecheka tangu Eila azikwe.
Maana kazini, nani angenikubalia
kutupa tani nne za karatasi
kwa neno langu tu, ndivyo ilivyo?

Ushahidi: hakupiga.
Ushahidi mwingine...
Nilikaa na kalamu dakika sita nzima.
(Alikuwa zamu. Alipiga Jumatatu, akaniuliza
kama bado nafanya ule mkate wa shayiri.)

Sisemi wazo lile limehama.
Hurudi alfajiri, na alfajiri yetu
ni giza hadi saa nne.
Ila sasa nalikata kipande,
nakiweka kwenye mizani.

Wiki ya tisa. Swali la kumi na tatu:
unajiona hufai?
Nimezungushia duara nafasi tupu,
kati ya moja na mbili.
"Fomu hairuhusu," akasema Tuulikki.
"Basi mizani yenu ni mbovu," nikasema.
Akachukua penseli,
akaandika pembeni, kwa herufi ndogo: moja na nusu.

Nje, gari langu lilikuwa bado limechomekwa umeme
injini isigande.
Nikachomoa waya, nikaukunja taratibu.