Hodi Tano

Ada ya hodi ni tatu, kisha mtu huondoka.
Sisi hupiga tano,
dakika nzima kati ya moja na nyingine,
sauti ya kekeo iliyofungiwa ndani ya spika ndogo,
kavu, kama kijiti kinachoburutwa kwenye mbavu za mabati:
ka-ka-ka-ka, kisha kop, kop, inazama.
Tunasikiliza.
Naandika: hakuna.

Mwezi wa saba, saa kumi na moja alfajiri,
Mto San Pedro, Arizona.
Nauita mto kwa heshima;
kuna mahali ng'ombe huuvuka bila kulowesha kwato.

Bi Eulalia Bracamonte huja na kiti cha kukunja
na chupa ya kahawa asiyomgawia mtu.
Kingo hizi mbili ni zake,
na kile kisima, alichokichimba marehemu Refugio
futi mia nne ili alfalfa inywe.
Alfalfa ikanywa.
Milubna ikafa kuanzia juu,
vilele kwanza, kama mtu anayenyonyoka nywele.
"Tuliwauzia watu wa mjini majani ya farasi," husema.
"Tulikula vizuri. Siombi radhi kwa kula."

Arobaini ilipokwisha akaizima pampu.
Hotuba hakutoa. Alishusha swichi,
akamwambia mpwa wake Anselmo,
aliyekwisha kuhesabu fedha za mavuno:
"Ukitaka majani, yako Nebraska."
Hawajasemezana tangu Pasaka ya mwaka juzi.

Baridi ile tulikata fito za mierebi,
tukazichomeka chini mpaka unyevu ulipo,
fito elfu mbili, uchi,
makaburi ya mafagio.
Mia saba zilikauka. Kulungu wakala walichotaka.
Zilizobaki zikashika, zikawa kichaka,
kichaka kikapata kivuli,
kivuli kikapata viwavi.

Na viwavi ndiyo habari yenyewe.
Wale wenye manyoya, wanaowasha,
ambao ndege wengine huwapisha njia,
kekeo huwala mpaka tumbo lake linaota vinyweleo kwa ndani;
hapo hulitapika bitana lake,
akashona jingine, akaendelea kula.
Kinda lake hukaa siku sita jeusi, limejaa miiba,
kila unyoya ndani ya ala yake;
siku ya saba ala hupasuka,
na kabla ya adhuhuri limevaa.
Kwa ajili ya haya hutoka kusini kabisa ya Amerika,
usiku, bila kundi,
kuja kutafuta wiki chache za kivuli chenye maji chini yake.
Mti mmoja haumfai. Mti mmoja ni kigingi.

Leo, hodi ya kwanza.
Ya pili.
Ya tatu, na ng'ombe wa jirani ndiye anayejibu.
Ya nne, treni ya Benson, mbali.
Ya tano.
Naandika: haku—

na Bi Eulalia, ambaye sikio lake la kushoto
liliuawa na pampu ile ile,
ananikamata mkono. Hajasikia kitu. Ameona.
Juu ya mwerebi, ufito wa nani hatujui, wake au wangu,
mkia mrefu wenye madoa meupe,
mdomo wa njano kwa chini,
na mdomoni kiwavi, angali anajikunja.

Hakuitikia. Hakusema karibu.
Mwenye chakula mdomoni hasemi;
na asiyekimeza, yuko anayempelekea.

Fomu yangu ina safu ya sauti, safu ya umbali,
safu ya mawingu.
"Umeandika nini?"
"Kwamba hajajibu."
"Andika kwamba ana kazi."

Akafungua chupa, akanimiminia kahawa kwenye kifuniko.
Ilikuwa chungu, ina ladha ya bati. Niliimaliza.
Kiti alikikunja mwenyewe, polepole, akiangalia vichakani.
"Ukipita mjini," akasema, "mwambie Anselmo.
Mimi siwezi."