Jicho na Sifuri

Aliyesema chema chajiuza
hakuwahi kushuka hadi chini ya orodha,
huko ambako kidole huchoka kabla ya macho,
ambako kila hadithi ina alama ya jicho
na kando ya jicho, sifuri.

Nurcihan hushuka.
Zamu yake ni ya usiku, chumba cha kufulia,
hospitali ya Zonguldak, mji wa makaa ya mawe
ambako theluji ikianguka asubuhi
jioni imekwisha kuvaa kijivu.
Mashine ya shuka huzunguka dakika hamsini.
Hamsini zinatosha sura mbili,
tatu zikiwa fupi.

Juu ya orodha wapo wenye milioni:
tajiri mkali na katibu wake mpole,
mapenzi yaliyonyooka kama yamepigwa pasi.
Hawachukii. Amewahi kulia nao.
Ila aliyeshiba hahitaji kijiko chake yeye.

Usiku mmoja wa Februari akamkuta
mtu aliyejiita Taa Namba 412.
Sura kumi na saba. Sifuri.
Picha ya jalada: kiatu, tena imepigwa kombo.
Makosa ya tahajia kama mawe kwenye mchele,
lakini mchele wenyewe!
Alivyokieleza chumba cha taa mgodini:
kila mchimbaji na namba yake,
huichukua taa alfajiri, huirudisha jioni
kwenye msumari wake,
na msumari mmoja ukibaki mtupu
hakuna anayeuliza ni wa nani.
Wote wanajua hesabu.

Mashine ilinyamaza. Hakuisikia.
Shuka za wodi ya wazazi zikapoa mle ndani.

Sasa, mtu humwandikia nini mtu asiyemjua?
"Hongera" ni neno la harusi.
"Nzuri" ni vumbi.
Alifuta mara nne, kisha akaandika:
"Sura ya tatu kulikuwa na mbwa langoni.
Sura ya tano umemsahau. Yuko wapi?"

Saa tisa na dakika kumi za usiku.
Jibu likaja kabla hajafungua mlango wa mashine:
"Yupo. Nilidhani hakuna atakayeuliza."

Basi akawa mchuuzi wa mali isiyo yake.
Alikata maboksi ya sabuni vipande vya upana wa kidole,
akaandika kwa kalamu ya wino mzito:
Taa Namba 412, anzia sura ya pili
(ya kwanza, kusema kweli, inachosha),
akavitia mifukoni mwa makoti ya wauguzi,
kimoja kimoja, baada ya pasi,
kama mwizi anayerudisha.

Ijumaa akaja msimamizi, Bwana Hikmet,
kipande mkononi, uso umekunjwa.
Nurcihan alikwisha jiandaa kwa barua ya onyo.
"Huyu wa taa," akasema. Akakohoa.
"Babu yangu alikuwa 388."
Akaondoka nacho.

Leo jicho linaonyesha kumi na tisa.
Si umati. Hawajazi hata basi.
Mmoja kati yao ni mkorofi, husahihisha nukta tu.
Mwingine ameishia sura ya sita, hajarudi.
Lakini kwa mzee aliyezoea kuongea na ukuta
kumi na tisa ni kelele;
anasema sasa huvaa miwani kabla ya kuandika,
na shati.

Sura ya kumi na nane imetoka Jumapili.
Mbwa amezeeka. Bado yuko langoni,
anahesabu kwa pua wanaotoka.
Nurcihan ameiacha katikati, kwa makusudi,
kama mtu aachavyo ncha ya mkate,
maana huko chini, chini kabisa,
ameona msichana wa Kars anayeandika kuhusu nyuki,
kichwa cha habari kimekosewa herufi mbili,
jicho, na kando ya jicho
lile yai tupu.

Boksi la sabuni limebaki upande mmoja.
Anatafuta mkasi.