Maneno Mia Mbili

Fomu inasema: maneno mia mbili, yasizidi.
Jina. Nchi. Sababu ya kugombea.
Jina nimeandika: Ismenia Colipán.
Nchi nimeandika, ingawa hii yetu haitulii;
mwaka wa sitini ilitetemeka ikazama,
mashamba ya babu yakawa kinamasi
cha batamaji wenye shingo nyeusi,
na hadi leo hutambaa kidogokidogo, bila kuaga.
Sababu bado.

Mvua ya Valdivia iko juu ya bati tangu Jumanne.
Mama anachochea jiko la kuni, amenipa mgongo:
"Hicho kiti unachokitafuta, kina mshahara?"
Hakina.
"Kina gari?"
Hakina hata miguu, Mama.
"Sasa watu wanagombania nini?"

Hilo ndilo swali la fomu,
ila Mama kalipunguza, limebaki maneno manne.

Kwingine mgombea huahidi barabara.
Mimi siwezi kuahidi barabara.
Naahidi kwamba iliyopo itachorwa ilipo,
na isiyopo haitachorwa,
hata kama waziri ameshaikatia utepe.

Ishirini na moja. Nayahesabu
kama mwenye duka anayehesabu chenji ya mtoto.

Wapinzani wangu ni watu wazuri, na hapo ndipo penye kazi.
Wiebren wa Groningen ameahidi kasi:
ramani ifunguke kabla kidole hakijainuka.
Tsovinar wa Gyumri anajua hesabu ya kuilaza dunia
juu ya karatasi bila kuichana;
aliwahi kunisahihisha saa tisa za usiku wake,
akamalizia na samahani, kana kwamba kosa lilikuwa lake.
Ningempigia kura.
Labda nitampigia.

Mimi nina nini?
Miaka kumi na mmoja ya kufagia.
Mistari ya programu iliyoachwa na walioondoka
kwa ndoa, kwa kazi zenye pesa, kwa kuchoka tu;
naiokota, naikung'uta, naiuliza:
wewe ulikuwa unafanya nini hapa?
Hakuna amshukuruye mfagiaji hadi siku asipokuja.
Hiyo naifuta. Inanuka kujisifu.

Halafu namkumbuka don Eleodoro, muuza mwani,
yule wa nyumba kumi na nne mdomoni mwa mto.
Nilikuwa nimekata tarakimu mbili baada ya nukta
nikidhani ni mapambo.
Kijiji kikasogea hatua sabini, kikaingia majini:
kanisa, banda la nyavu, kuku.
Siku tisa.
Mwenye gari la mitungi ya gesi aliifuata ramani,
akasimama ukingoni, akayapigia maji honi, akageuza.
Don Eleodoro akapanda mabasi mawili,
akaniwekea karatasi mezani, imelowa kweli:
"Binti, umenizamisha. Mimi na jogoo."
Hakufoka. Alikaa palepale, kofia magotini,
hadi nilipomaliza kurekebisha,
akainuka, akajipapasa mabega:
"Haya. Nimekauka."

Naandika hilo. Lote. Jogoo naye.
Kasi inabaki nje.
Maono ya miaka mitano yanabaki nje.
Mstari wa mwisho nasema tu:
nikikuzamisha, njoo; nitakuwapo mezani.

Mama anasoma juu ya bega langu,
miwani imeteremka puani.
"Unaomba kura au unatubu?"
Sijui, Mama.
Anatia gogo jingine, anaufunga mlango wa jiko kwa goti.
"Jogoo alikuwa na jina?"

Nabonyeza kutuma. Fomu inakataa:
mia mbili na moja.
Natafuta la kutoa.
Si kanisa. Si honi. Si kuku hata mmoja.
Juu kabisa, kando ya jina langu,
nilikuwa nimejiandikia "mahiri".
Nalitoa.
Mvua haikuona.