Mstari wa Sahihi

Fomu imekaa kwenye friji tangu Jumatatu,
chini ya sumaku yenye ratiba ya timu ya chuo:
mechi kumi na mbili, saba za nyumbani,
na zote saba nimezizungushia wino mwekundu
kabla sijaisoma fomu.

*Mimi, mzazi wa Emmett Vrbka, umri miaka kumi na mmoja,
naelewa kwamba mchezo huu una hatari, ikiwemo*
Hapo ndipo ninaposimama kila mara, kwenye ikiwemo.
Kahawa inapoa.

Siwezi kujifanya mgeni.
Viti vyetu ni vya kurithi, safu ya sitini na moja,
juu kabisa, ambako upepo wa Nebraska
hauna pa kupita ila masikioni mwetu.
Baba alivinunua mwaka niliozaliwa. Alipofariki
tuligombania viti, si shamba.
Dada yangu hajanisamehe.

Jumamosi tunaamka gizani. Arlo anawasha jiko nyuma ya gari,
soseji zinalia, majirani wasiosalimiana wiki nzima
wanapokezana haradali. Watu elfu themanini, rangi moja,
na mimi, mwalimu wa hesabu, sauti yangu ya maktaba,
napiga ukelele: Mvunje! Mvunje huyo!
Huyo nani? Sikuwahi kuuliza jina.

Mpaka Oktoba iliyopita. Namba arobaini na nne.
Mgongano ulifika hadi safu yetu,
mlio mkavu, kama mlango wa gari uliofungwa kwa hasira.
Tuliruka kwa furaha. Kisha hakuinuka.
Elfu themanini tukanyamaza
hata nikasikia kamba ya bendera ikigonga mlingoti.
Safu za chini, mwanamke mmoja alikuwa anashuka ngazi.
Hakukimbia. Alishika kila kiti alichokipita,
kama anayehesabu.
Kijana akainua kidole gumba kutoka kwenye machela.
Tukapiga makofi.
Nikaendelea na karanga zangu.
Mkuki kwa nguruwe.

Leo nguruwe ana jina, ana meno makubwa kuliko uso,
anazunguka sebuleni na helmeti ya kuazima
iliyomkaa kama mfuniko wa sufuria nyingine.
"Gonga, Mama! Gonga kwa nguvu, sisikii kitu!"
Nikagonga kwa kifundo cha kidole. Ko, ko.
Kama mtu abishaye hodi
kwenye nyumba ambayo mwenyewe hajamaliza kuhamia.

Kocha Terpstra anasema siku hizi wanafundisha bega, si kichwa,
na kwamba baiskeli nazo huangusha watoto.
Ni mtu mwema; mwaka jana alimnunulia viatu mtoto wa Hruska.
Arlo anasema: mimi nilicheza, nikoje?
Namtazama. Hajambo.
Kaka yake Delmar naye alicheza,
picha yake bado iko ukutani kwenye duka la mbegu,
na Siku ya Shukrani aliniuliza mara tatu
kama mama yao atachelewa kufika.
Tulimzika mama yao. Delmar alibeba jeneza, upande wa kulia.
Daktari hasemi ni mpira.
Daktari hasemi si mpira.

Na Emmett hatafuti sifa. Emmett hula chakula cha mchana
peke yake na kitabu cha papa.
Anataka lile duara tu, kabla ya mchezo,
mabega yaliyoshikana, vichwa vimeinama pamoja,
mtu akisema neno ambalo sisi wa nje hatulisikii.

Jumamosi. Fomu nimeikunja mara nne, mfukoni mwa koti.
Kalamu ipo.
Mkimbiaji wao amechomoka katikati, macho mbele,
na beki wetu anamjia kwa ubavuni, hajamwona.
Sisi wa juu huona mapema.
Nimeshasimama. Mdomo umeshafunguka.
Mkono wa Emmett umo mkononi mwangu
na sijui ni nani kati yetu anayebana.