Za Kufuliwa

Lugha yetu ni bahili: neno moja, kazi mbili.
Nguo hufuliwa. Chuma hufuliwa.
Irmeli wa Kokkola hajui hata silabi yake moja,
lakini miaka thelathini na moja amefua
shuka za hospitali, damu na dawa na jasho la wagonjwa,
na alipostaafu akajinunulia gari la milango miwili,
jekundu, la zamani, kiuno chembamba,
na sasa anatafuta rimu. Si za kusubu.
Za kufuliwa.

Wanawe walisema, Mama, kwa pesa hizo
ungebadilisha madirisha ya jikoni.
Akasema madirisha hayaendi popote.
Jirani akanong'ona kwamba kwa umri ule hatafua dafu,
na hilo nalo ni neno lile lile.

Rimu za kiwandani alizipimia bafuni.
Alipanda mzani na moja kifuani kama mjukuu,
akashuka, akapanda peke yake, akatoa.
Kilo kumi na moja na nusu.
Za kufuliwa, nane na kitu.
Tofauti hiyo anaijua kwa mikono:
shuka mbili zilizolowa,
zile za saa kumi na moja alfajiri
ambazo bega hulikumbuka hata Jumapili.
Mara nne.
"Gari nalo," alimwambia Jarkko wa gereji, "lina mabega."

Alipenda kwanza za dhahabu, mdomo mpana,
zinazometa kama jino la tajiri. Kipya kinyemi.
Jarkko hakubisha. Alichukua boksi la kahawa,
akalikata kwa mkasi kufuata mchoro wa kiwanda,
akalizungusha juu ya koleo la breki.
Likagusa.
Milimita mbili, unene wa sarafu.
"Tunaweza kupachika kipande katikati, isogee nje,"
kisha akamwonyesha ukingo wa bodi
ambao ungelitafuna tairi kila akikata kona.
Irmeli aliitazama dhahabu ile kwenye kitabu cha bei
kama mtu aliyeachwa na treni,
akafunua ukurasa mwingine.

Za kijivu, basi. Mikono kumi, myembamba, bila madoido.
Matundu matano ya nati. Tundu la kati limekizidi kitovu
kwa uzi tu, kuna pete ya kuliziba.
Wiki kumi na moja za kungoja.
Theluji ikageuka masizi kando ya barabara,
tairi za misumari zikasaga lami kavu usiku kucha.

Siku yenyewe gereji inanuka mpira na kahawa.
Jarkko anasugua kutu kitovuni kwa brashi ya waya,
polepole, kila pembe, maana chembe moja ikibaki
usukani utatetemeka ukifika mia
nawe utailaumu rimu bure.
Pete inaingia. Rimu inakaa: tok.
Nati kwa vidole kwanza,
kisha kwa nyota, hii, halafu ya ng'ambo,
hadi spana ya kipimo ibofye kwenye mia na kumi.
Ya mwisho Irmeli aliomba akaze mwenyewe.
Ikabofya. Akataka kuvuta tena.
"Hapana. Ikisema basi, ni basi."

Barabara ya uwanja wa ndege imenyooka,
misonobari huku na huku, jua la saa mbili usiku.
Gari linageuka kabla hajamaliza kuwaza kugeuka.
Peke yake, kwa sauti, anatamka lile tusi la Kifini
ambalo wauguzi walilizoea mashine zilipokwama,
ila leo analitamka akicheka.

Baada ya kilomita mia anarudi, nati zikazwe upya.
Moja inakubali, kidogo kama unywele.
Nyingine zinanyamaza.

Jumamosi, ndoo na foronya kuukuu ya hospitali,
herufi za buluu zimefifia upindoni.
Anapenyeza vidole kati ya ile mikono kumi
akitoa vumbi jeusi la breki.
Hapa lugha yetu inagoma: gari huoshwa, halifuliwi.
Nenda kamwambie Irmeli.
Anaikamua foronya mara mbili, kwa kiwiko, kama kazini,
anaikung'uta,
anaianika kwenye kioo cha pembeni.